Kikohozi cha Bibi Mwatum

Bibi yangu, Bi Mwatum, alizaliwa Pemba, akaolewa Tanga, na mtaa wetu wa Nguvumali mzima unalalia mikeka anayoishona. Mwaka ule maduka yalipoanza tena kujaa sabuni na khanga, yeye alikuwa hospitalini Dar es Salaam, anakatwa kipande cha pafu kwa sababu ya saratani. Aliporudi nilimwomba anioneshe kovu. Lilianzia chini ya kwapa, likazunguka hadi mgongoni.

"Tizama," alisema. "Mkeka ningeushona hivi, mteja angenirushia."

Daktari alimwagiza akumbatie mto, avute pumzi, kisha akohoe kwa nguvu, mara kwa mara, ili pafu lililobaki lijae hewa na makohozi yasigande. Yakiganda, atarudishwa Dar.

Ila kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Wanawake wa mtaani walijaa chumbani tangu asubuhi, wakimwambia, "Tulia, Bi Mwatum, usije ukafumua mshono." Naye, kila nilipomchunguza, hakohoi mbele yao. Anafumba mdomo, machozi yanamlenga, anawauliza habari za watoto.

"Bibi, mbona hukohoi?"

"Mbele ya wageni? Sina adabu mie?"

"Basi niwatoe?"

"Thubutu!"

Ijumaa mwili wake ukawa wa moto, kifua kinakoroma. Niliogopa, nikamkimbilia Mama Bibiana, jirani yetu Mbondei aliyekuwa akimletea uji, nikamweleza yote.

Akaingia na uji wake, akawatazama wale wanawake. "Jamani, Bi Mwatum anatuonea haya. Tukohoeni naye!" Akaanza yeye, kikohozi kikubwa cha makusudi. Mwengine akafuata, wa tatu kikohozi kikamgeuka kicheko. Punde chumba kizima kinakohoa.

"Bibiana, wakohoa kama mbuzi," Bibi akasema.

"Haya, tuoneshe wewe cha watu!"

Nikampa mto. Akaukumbatia, akavuta pumzi, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Makohozi mazito yakatoka, nikayakinga kwa kopo.

"Hayo!" wakashangilia kama goli limeingia. "Mengine!"

Tangu hapo kila mgeni alikohoa naye. Wiki iliyofuata homa ilikwisha. Daktari wa hapa Tanga akamsikiliza mgongoni, akasema pafu linafunguka, Dar harudi. Akamwomba akohoe kidogo.

"Haya," Bibi akamjibu. "Lakini anza wewe, mwanangu."