Safari ya Liuli Kumfuata Tomasi

Mwaka ule vita vya Msumbiji vilipokwisha, jirani yangu Mama Filomena alinijia asubuhi kabla sijaenda shule. Alikuwa mkimbizi kutoka huko Msumbiji, akiishi Mbinga kwa kuchuma kahawa ya watu. Mwanawe Tomasi, aliyetekwa na waasi akiwa mtoto, alikuwa amevuka mpaka akiwa hai, akafikia Liuli, kando ya ziwa, kwa mjomba wake, Mzee Aloisi. Lakini mzee huyo, kaka yake Filomena, alikuwa ametuma salamu: njoo umchukue, hapa hakai.

"Mwalimu, nisindikize," aliniambia. "Wewe ndiye unayewafundisha watoto jinsi Makaburu walivyoichochea vita hii. Labda kwa kaka yangu watakusikiliza."

Nilikubali. Mwalimu wa historia akiombwa kuhutubia hakatai, hata nyumbani kwa watu.

Mbinga mjini tulipata lori la mchuuzi wa samaki. Siku hizo za soko huria kila mwenye gari alikuwa mfanyabiashara, na sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilitembezwa barabarani. Tulikaa juu ya magunia matupu. Huku na huku, milima ya Wamatengo ilikuwa imechimbwa ngoro, yale mashimo yanayozuia maji yasibebe udongo. Tulipopita Tingi barabara ikaanza kuteremka, joto likatupokea, na Mama Filomena akaacha kabisa kuongea.

Liuli tulifika jua likiwa limepungua, usipa, wale dagaa wa ziwani, wakianuliwa kwenye vichanja. Tomasi alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, kijana mrefu asiyeinua macho. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili akalia bila sauti. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Wakati wa chakula, mimi na Mzee Aloisi tulitandikiwa mkeka. Mkewe, Mama Roza, alitumiminia maji ya kunawa, akatuletea ugali wa muhogo na samaki. Tomasi aliwekewa sahani yake kule kule jikoni, wala hakumiminiwa maji. Mimi mtu wa kuja sikuelewa nilichokiona, nikamwita, "Kijana, njoo tule."

Mzee Aloisi akasema taratibu, "Mwalimu, mdogo wake mke wangu alivuka mpaka kwenda kuuza samaki. Waasi wakamuua huko. Mke wangu hawezi kumnawisha huyu aliyetoka kwao. Nami siwezi kumlazimisha."

Basi nikafanya kazi niliyoitiwa. Nilieleza jinsi serikali ya Makaburu ilivyoogopa majirani waliojitawala. Ilivyowashika kwa reli, bandari na ajira za migodini. Ilivyowapa waasi silaha ili Msumbiji iungue na isiweze kuwahifadhi wapigania uhuru. Hata baada ya kutia saini mkataba wa ujirani mwema, silaha ziliendelea kupita kwa siri. Waasi nao waliteka watoto, wakawabebesha mizigo, kisha bunduki.

Mama Roza alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Na hao wakubwa waliozitoa hizo bunduki," akauliza, "watu wanakataa kula nao?"

"Hapana, Mama. Wanapokewa vizuri tu."

Mama Roza akachukua jagi na beseni, akaenda jikoni. "Nawa, baba," alimwambia Tomasi. Kijana alikinga mikono, na Mama Roza akamimina. Mzee Aloisi akasogea, nafasi ikapatikana mkekani.

Kesho yake nilirudi Mbinga peke yangu, juu ya lori lenye harufu ya usipa. Mama na mwana walibaki Liuli.

Sera ile ya Makaburu bado naifundisha, na mwanzo wake naujua vizuri. Lakini kule nilijifunza kwamba wakubwa huianza ofisini, halafu kuimaliza anaachiwa mama aliyefiwa, jikoni kwake, na hakuna anayemuuliza kama anaweza.