Tumbo la Uzao wa Wapagazi

Apolinaria aliposhuka treni Igalula, hakuna aliyemtambua. Yeye! Mwanamke ambaye zamani akishuka pale, wauza karanga walikuwa wanasogeza mabeseni yao kuupisha unene wake. Sasa alipita katikati yao na kimkoba chake kama mwalimu mgeni anayekuja kuripoti, na hakuna aliyegeuza shingo. Alitamani hata wamtanie.

Stesheni ile ndiyo iliyomlea. Yeye na mama yake, Minza, walikuwa wanauza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa, kwenye madirisha ya mabehewa. Treni ikiondoka, yaliyobaki waliyala wenyewe kwa karanga, mama anacheka, mtoto anatafuna. Utamu ule jamani! Na baba yake, marehemu mzee Kasimiri, alikuwa na wimbo mmoja kila jioni: "Sisi ni uzao wa wapagazi. Babu yangu alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mpagazi akisusa ugali, mzigo hauinuki." Basi kwao kula kulikuwa heshima, na aliyebakiza chakula aliulizwa anaumwa wapi. Apolinaria hakuwahi kuulizwa.

Lakini mwili nao huchoka. Alipovuka miaka arobaini, sukari ilikuwa imempanda, presha imeweka kambi, magoti hayamtaki tena, na usingizini alikoroma mpaka pumzi zinakatika. Madaktari wa Dar es Salaam wakamkata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakamwachia kijitumbo chembamba. Tusidanganyane, upasuaji ulimsaidia. Sukari ilishuka, vidonge vya presha akaachishwa, akawa anapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Ila ulikuja na mengine, ambayo aliambiwa mapema lakini nani husikiliza vizuri akiwa na shida? Nywele zilipukutika. Ngozi ikamning'inia mikononi. Damu ikapungua, na vidonge vya vitamini vikawa vya kumeza maisha yake yote. Vitu vitamu navyo vikawa adui: akinywa soda tu, moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, anatetemeka mwili mzima.

Mama yake hakuambiwa lolote. Ungemwambiaje Minza kwamba tumbo alilolijaza kwa jasho lake umelipeleka likakatwe? Apolinaria akawa anapiga simu tu, haendi, kila mara ana udhuru. Lakini maneno hayangoji treni. Yalishafika Igalula kwamba Apolinaria amekwisha, kabaki mifupa, ni yale maradhi.

Kwa hiyo alipoingia uani, Minza alimtazama toka juu hadi chini, akaketi polepole kwenye kigoda.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniaga?"

"Mimi ni mzima, mama."

"Wagonjwa wote husema hivyo."

Minza alikuwa amejiandaa. Kuku alishachinjwa, ugali umejaa kwenye sinia, na kabla ya vyote bakuli la uji wa ulezi uliokolezwa asali ya msituni, ambao kwake ulikuwa dawa ya kila aliyekonda. Akamshikia bakuli mdomoni kwa mkono wake, kama alivyofanya binti yake alipougua surua utotoni. Apolinaria akainusa ile asali, na utoto wake wote ukamrudia. Alijua fika kitakachotokea. Lakini mkono ulioshika bakuli ulikuwa wa mama yake, akaona afadhali augue yeye kuliko kuusukuma. Akanywa.

Haikuchukua muda. Moyo ulianza kudunda, jasho likamlowesha chapachapa, macho yakaingia kiza, akajilaza kwenye mkeka. Minza akaichomoa rozari yake na kumwita jirani akimbilie kwa padri.

Apolinaria akamshika upindo wa khanga. "Mama, usiite padri. Ni asali."

Akamweleza yote akiwa amelala palepale, mpaka kutetemeka kukapungua. Minza alisikiliza, shanga za rozari zimesimama vidoleni.

"Walilitupa wapi?" akauliza hatimaye.

"Nini, mama?"

"Hilo tumbo."

"Sijui."

Kikongwe akalia. Alilia kwa sauti ndogo, uso kwenye khanga. "Ningejua, ningekulisha kidogo. Mimi nilidhani ndiyo kukupenda."

"Ulinipenda, mama. Tangu siku zile za treni sijashiba tena vile, na sitashiba." Apolinaria naye machozi yakamshinda. Aliililia shibe ile kama mtu anavyomlilia ndugu.

Baadaye akanyofoa kipande cha ini, akakitafuna taratibu, basi, akatosheka. Minza akamega tonge, akalizungusha kiganjani weee, halafu akalirudisha kwenye sinia.

"Mbona huli, mama?"

"Siwezi. Tangu baba yako afariki chakula hakipiti. Ukija nilikuwa najilazimisha."

"Miaka yote hii? Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakula kwa furaha, mwanangu. Ningekuharibia."

Minza akalifunika sinia, akamwambia jirani aliyekuwa bado amesimama mlangoni alichukue, akawape wajukuu zake. Kisha akajisogeza mkekani, akakipapasa kifupa cha bega la binti yake, akaacha mkono wake hapo.

"Kula kumetushinda sote wawili," akasema. "Sogea basi, tukae."