Mtu Mweusi wa Kwenye Shuka

Yule mtu mweusi wa kwenye katuni alikuwa kabila gani? Tulipokuwa wadogo pale Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, swali hilo lilinisumbua kuliko hesabu za shule, na hakuna aliyeweza kunijibu.

Nyinyi mliokulia Arua miaka ile ya sabini mnalikumbuka gari la sinema. Likiingia na vumbi lake jekundu, shuka nyeupe inafungwa uwanjani, nasi tunakimbia na karanga za kukaanga mifukoni. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka wakaona kila kitu kinyume, na walicheka vilevile. Kwanza tulifundishwa kuchimba choo, ndipo zikaja katuni: paka, mzungu mwindaji na bunduki yake, na yule mtu, mweusi tii, midomo kama maandazi mawili, mfupa kichwani. Sauti ya filamu ilizimwa ili Mzee Drani, askari mstaafu, atutafsirie kwa kipaza sauti.

Wavulana walimgeukia Furaha, rafiki yangu niliyegawana naye muhogo kila mapumziko. Baba yake alitoka Kongo na kuuza vitenge sokoni.

"Huyu iko mutu ya kwenu."

"Kwetu watu navaa nguo," Furaha akajibu. "Huyu iko ya Dadamu." Dadamu ni kijiji cha jirani, walikotoka baadhi ya wavulana wale.

Kesho yake shule nzima ilimwita Mfupa. Akaniambia hatakuja sinema tena, na muhogo wake akala peke yake.

Gari liliporudi, nilimfuata Mzee Drani nikamuuliza yule mtu ni kabila gani, maana rafiki yangu anateseka kwa ajili yake.

"Mama, wewe nauliza sana," alisema. "Lete huyo rafiki, mukae mbele."

Nilimburuta Furaha kwa mkono. Filamu ilikuwa ileile, lakini sasa kwenye kipaza sauti yule mtu alimwamkia mwindaji kwa Kilugbara chetu, na kila aliporuka na mkuki wake, kumbe anabishana bei ya kitenge kwa Kilingala. Mwisho akauliza kwa Kiswahili cha kambini, "Bwana, wewe natafuta simba ao natafuta bibi?" Uwanja mzima ulijishika mbavu.

Asubuhi wavulana wa Dadamu walidai ni mtu wao. Shangazi yangu wa Koboko aliapa kwamba mdomo ule ni wa Mkakwa, kabila la kule Koboko. Furaha akawakatalia wote.

"Si mulisema iko ya Kongo? Basi itabaki ya kwetu." Akanimegea muhogo.

Watoto wa siku hizi wanakaa mbele ya video na hawahitaji mfasiri. Ukiwauliza yule ni nani na ametoka wapi, wanakuomba usogee, unawaziba. Sisi tungebishana wiki nzima.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, niliiona filamu ile na sauti yake. Mwindaji anaongea, paka anaimba. Yule mtu mweusi hasemi neno hata moja.