Milango Isiyofungwa kwa Nje

Mume wangu alitengeneza milango kwa miaka thelathini na moja, na hakuna hata mmoja uliokuwa na komeo upande wa nje. Shemeji yangu, anayekusanya habari za wazee wetu kwa ajili ya kijitabu cha ukoo, aliniomba nianze na vita. Vita nitavifikia. Kwanza nataka mumwone kazini: mrefu, penseli nyuma ya sikio, anapiga randa huku akiimbia puani wimbo asioumaliza kamwe. Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki, na bado nikipita penye harufu ya mbao mbichi husimama kama mtu aliyeitwa.

Aliweka vitasa ambavyo mtu aliye ndani angevifungua kwa mkono, bila ufunguo. Komeo la nje alilikataa katakata, na wateja walimtania.

"Fundi, hata banda la kuku?"

"Kuku nao wana roho."

"Basi mwizi akija nimwambie anisubiri?"

"Mwambie aje kwangu, nimfundishe kazi."

Walicheka, wakampachika jina la Fundi Wazi. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na sikupenda mume wangu awe kichekesho cha mtaa.

Kisha shule yangu ikaagiza kwake milango minane ya bweni. Niliandika agizo kwa mkono wangu: komeo liwe nje, ili matroni awafungie wasichana jioni. Milango ikaja, imepigwa msasa mpaka inateleza, na komeo hakuna. Mchana huohuo nikamfuata karakana.

"Umeniaibisha mbele ya walimu wangu!"

"Mwalimu, kaa." Hata nyumbani aliniita hivyo.

"Sikai."

"Basi simama, ila nisikilize."

Ndipo aliponiambia, miaka kumi na tisa baada ya harusi yetu. Vitani, kikosi chao kiliingia katika kitongoji kilichodaiwa kuwalisha maadui. Wanaume walikuwa wamekimbia. Wanawake, wazee na watoto waliobaki waliingizwa kwenye ghala la nafaka. Mkubwa wao akaamuru mlango ufungwe, na aliyekuwa karibu nao ni mume wangu. Alisukuma komeo. Wenzake wakawasha moto.

"Lilikwama," aliniambia, akiangalia viganja vyake. "Nikaligonga kwa kitako cha bunduki mpaka likaingia. Ningeweza kuliacha vilevile, Mwalimu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nikaona aibu kushindwa na komeo mbele ya wenzangu."

Sikumshika mkono. Nilimuuliza ni nani mwingine anayejua.

Tangu siku hiyo mambo mengi yalinieleweka. Nilielewa kwa nini maranda ya karakana aliyagawa kwa wafuga kuku, asikubali yachomwe. Nilielewa pia ile siku binti yetu mdogo alipojifungia chumbani kwa hasira, akalia, na baba yake akang'oa mlango mzima, bawaba zote tatu, kisha akaketi sakafuni huku mtoto akimpangusa jasho. Niliyaelewa yote, na nikayafungia moyoni kama siri ya nyumba.

Alipokuwa amezeeka, redio ilitangaza kwamba kamati ya jamaa za waliouawa inatafuta askari wa zamani wanaokumbuka ghala hilo lilisimama wapi. Pori lilikuwa limefunika kila kitu, nao walitaka kuwazika watu wao. Mume wangu aliketi mezani, akachukua karatasi, akachora: kona ya mto, miamba miwili, idadi ya hatua.

"Nitawapelekea mwenyewe," alisema. "Nataka wanione uso."

"Una mabinti walioolewa. Una wajukuu wanaobeba jina lako shuleni. Unataka waitwe wajukuu wa nani?"

"Basi, Mwalimu. Umesema." Akaikunja karatasi, akanikabidhi. Aliishi miezi kumi na minne zaidi, na katika miezi hiyo sikumsikia akiimba tena. Nimeutamani ule wimbo wake mbovu kuliko kitu chochote alichoniachia.

Juzi, kabla sijaandika lolote, shemeji alikuja na maneno ya kijitabu aliyoyaandaa tayari: "Alilitumikia taifa kwa ushujaa."

"Wewe weka sahihi tu, shemeji," akasema.

Nikamweleza habari za ghala. Akakirudisha kikombe cha chai mezani.

"Haya yalale naye," akasema. "Sisi ni watu wa heshima. Watoto wataitwaje?"

Yalikuwa maneno yangu hasa. Kuyasikia yakitoka kinywani mwa mwingine kulinifanya nitamani kumrudia mume wangu kwenye ile meza, nimwambie avae koti, twende pamoja.

Jumatatu nilikwenda peke yangu, ile karatasi mkobani. Ofisi ya kamati ni chumba kimoja, meza mbili na kabati la chuma. Katibu ni mama wa rika langu. Bibi yake na dada zake wawili waliingizwa kwenye ghala lile. Aliikunjua karatasi taratibu, akaweka kidole kwenye kona ya mto, akakiacha hapo. Nilingoja anitukane. Alisogeza daftari.

"Tuandike jina lake, mama, au tuandike askari mmoja?"

Nimelilinda jina lile maisha yangu yote. Nilimtajia herufi moja moja, asije akalikosea.

"Yeye mwenyewe hakutaka kuja?"

"Alitaka sana."

"Sasa ikawaje?"

"Nilimkataza," nikasema, na hilo nalo nikamwomba aliandike.