Mkunga Aliyezalisha Sato Sebuleni

Alhamisi nilipigiwa simu kutoka mtaa wa Nshambya: yule mama wa samaki hatunaye tena. Nilikaa kitako nikalia, halafu, mnisamehe wasomaji wangu, nikacheka. Tumemzika kijijini Buganguzi, kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba na mibuni, na hata pale kaburini watu walikuwa wakiulizana habari za samaki wake. Alikuwa mkunga mstaafu, Mlutheri asiyekosa ibada, na sebuleni, mahali ambapo wenzake huweka kabati la vyombo, yeye aliweka tangi la kioo lenye urefu wa kitanda. Ndani waliishi sato wakubwa. Si wa kula jamani, wa kutazama! Mtaa mzima ulimshangaa, na mimi nikiwa wa kwanza.

Urafiki wetu ulianza kwa aibu yangu. Nilikuwa natoka Muleba, nikaona si vizuri kwenda kwa mama wa watu mikono mitupu, nikambebea kwenye ndoo sangara mdogo, hata kiganja hajafika. Akachungulia ndoo, akanitazama. "Waitu mwanangu, wewe umezaliwa kando ya ziwa hili hili?" Nikasema ndiyo. "Na hujui sangara alivyowala furu wetu, visamaki vya asili vya ziwa, karibu kuwamaliza? Sasa umemleta amalizie sebuleni kwangu?" Nilirudi ziwani na ndoo yangu! Niliporejea alinipa kahawa ya kutafuna, akaanza kunifundisha. Kabla hujamsifia samaki, alisema, uliza mdomo wake utakuwa na ukubwa gani akikua. Ndiyo maana sato wake aliwachanganya na samaki wengine wa ziwa, ningu na gogogo, wa kimo chao, wasiomezeka na wasio waoga. Mawe aliyakalisha kwanza juu ya kioo cha chini, ndipo akamwaga mchanga, kwa kuwa sato ni mchimbaji, na jiwe lililokalia mchanga siku moja litaanguka na kupasua kioo. Maji hakubadilisha yote kwa mpigo, alipunguza robo tu akajazia.

Kulikuwa na dume moja aliloliita Mwenyekiti, kwa kuwa lilikamata jiwe kubwa la katikati likagoma kuachia. Siku moja jike likabeba mayai mdomoni, kama kawaida ya sato, likaacha kula, na Mwenyekiti akaliandama kona zote. "Atamuua," mkunga aliniambia kwenye simu. Nikaenda mbio. Mapezi ya jike yalikuwa yamechanika vibaya. Nikasema tumvue Mwenyekiti. Akakataa: kumkimbiza yule kwa wavu kungetibua tangi zima, jike lingeshtuka na kutema mayai yote. Tukiacha hivyo hivyo, kesho tunaokota mzoga.

"Basi tunahamisha mawe," alisema. "Leo kila mtu humu atakuwa mgeni." Tukazamisha mikono mpaka kwapani, jiwe moja, tunapumzika, jiwe jingine. Yeye alikuwa akilibembeleza jike kama yuko wodini: "Tulia mama, tulia, tunakaribia." Mimi hata kupumua niliogopa! Tulipomaliza, Mwenyekiti alikwenda mahali pa jiwe lake, akazunguka, akazunguka tena, asione cha kulinda. Jike likapenya nyuma ya mawe mawili kwenye kona, mdomo umefumbwa. Mayai yamo!

Siku zikapita, simu ikaita: "Njoo uone, njoo sasa hivi!" Nikakuta vifaranga vimetoka mdomoni mwa mama yao, vingi kama dagaa, na kivuli changu kilipopita vyote vikakimbilia ndani tena. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna harusi. "Nimezalisha wanawake wa huku na huku," alisema akifuta machozi, "lakini huyu alinitia hofu."

Nimemfikiria sana wiki hii, kwa sababu sisi watu wa Kagera tunapenda vikao. Mjane akibanwa na ndugu wa mumewe kwenye kibanja alichokilima miaka yote, ukoo unakaa, unakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, unamwambia avumilie. Mwenye nguvu anabaki na jiwe lake. Nami nimekaa kwenye vikao hivyo, nikatikisa kichwa kukubali, na najionea haya. Mkunga yule hakumhubiria samaki uvumilivu, wala hakumngoja Mwenyekiti atubu. Alikunja mikono ya gauni akahamisha mawe, taratibu, ili aliyebeba asitikisike. Tujifunze hilo, ndugu zangu, na tulifanye anayeonewa angali anapumua.