Ndoo ya Karambu Huanza na Viazi Vidogo

Saa moja asubuhi sokoni Gakoromone, mjini Meru, ukungu haujainuka, na Ednah Karambu ameinamia ndoo yake ya viazi, waru kama viitwavyo huku. Vikubwa vyenye ngozi laini anavitanguliza chini. Vidogo, pamoja na vile vilivyokatwa na jembe, anaviweka juu, vionekane.

Wapitao hutabasamu, maana wauza ndoo wa kila soko huijua kazi hii kinyume chake: vizuri hupambwa juu, na chini hukaa siri ya muuzaji.

"Mimi mwenyewe nimepamba miaka ishirini," asema mjane huyu wa miaka hamsini na minne. "Hata usiku bila taa mikono hii ingepanga."

Kwao ni Kianjokoma, upande wa Embu. Riungu, kitindamimba wake, alipopata kazi mjini Meru, mama alimfuata, akapanga chumba kimoja na kujiunga na kanisa la Kimethodisti. Huko nyuma, kwa kauli yake, alikuwa Mkristo wa jina: aliketi karibu na mlango, akarudi nyumbani kama alivyotoka. Mjini hakuna aliyemjua, naye akaona heri aanze upya.

Jumapili ya kwanza ya Januari iliyopita alikuta ibada ya agano, ambayo kwayo Wamethodisti huufungua mwaka. Waumini husimama, wakamkabidhi Mungu nafsi zao na kazi zao. Karambu aliyatamka maneno pamoja na wenzake, akaenda zake kupika.

Kesho yake, sokoni, alishika kiazi kinono akiweke juu. Mkono ukasita.

"Nikajiuliza, kazi niliyompa Mungu jana ni hii ama ni nyingine?"

Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Karambu akaupindua mpangilio wa ndoo.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Wanunuzi walitazama, wakajisemea: ikiwa vinavyoonyeshwa ni hivi, vilivyofichwa vikoje? Mmoja aliuliza kama chini kuna mawe. Wiki ya pili viazi vikaanza kuchipua guniani. Kuna siku alirudi na shilingi mia mbili, na kodi ya chumba ikimsubiri. Agano alilolitamka kwa pumzi moja sasa lilikuwa likigombana na sufuria.

Kanana, jirani yake anayeuza viazi vilevile, akamwonea huruma.

"Mama Riungu, wewe enda ukunywe chai," akamwambia. "Hiyo ndoo nitakupangia. Dhambi iwe yangu, waru yako iende."

Karambu alicheka hata akaketi. "Na yako, utabebesha nani?"

Akiri mwenyewe kwamba miguu ilikuwa imeshaelekea kwa muuza chai. Badala yake alitandika gunia chini, akaimwaga ndoo nzima, vikubwa kwa vidogo, mbele ya watu.

Faadumo, mwenye hoteli ndogo karibu na msikiti, akasimama. Alivigeuzageuza vyote, akanunua vikubwa vya chipsi, kisha akauliza bei ya vidogo. Hivyo vidogo huvipika vizima katika mchuzi, wala havipati vikiuzwa peke yake.

"Kila siku nalipa bei ya wazazi, nikifika jikoni nakuta watoto," alisema. "Wewe mama, niuzie watoto waziwazi, nitakuja kila asubuhi."

Amekuja, na amewaleta wengine. Sasa vidogo vina bei yake, na kila ndoo humwagwa mbele ya mnunuzi kabla ya pesa kutoka mfukoni. Siku njema Karambu hubaki na shilingi mia nane, ambazo, asema, hazizidi faida ya zamani. Kilichozidi ni kingine.

"Zamani nilikumbuka sura ya mteja ndio nimkwepe," aeleza. "Siku hizi namkumbuka ndio nimsalimie."

Kanana angali anaipamba ndoo yake, na humwita jirani yake Pasta wa Waru. Hata hivyo, juma lililopita aliuliza ibada ya agano huanza saa ngapi, akaongeza upesi kwamba atakwenda kutazama tu. Karambu amekwisha kumwekea nafasi, mbali na mlango.

Januari imekaribia, naye anatumaini kusimama tena miongoni mwa wenzake.

"Mara ya kwanza niliyasema yale maneno kama mtu anayetaja bei," asema, huku akifuta udongo viganjani. "Safari hii nitayasema polepole. Nimeshajua yanafika mpaka sokoni."