Shangazi wa Ng'ambo na Ua Lisilokaa Kifuani

Mwezi wa kumi na moja uliopita, pale ghalani ninapofanya kazi, Okolona, mtaa wa Louisville huku Amerika, aliingia dereva wa lori kutoka Kanada. Mzee mwenye ndevu nyeupe, wa aina ile anayekuomba samahani hata ukimkanyaga wewe. Kwenye koti lake, upande wa moyo, alikuwa amechomeka ua dogo jekundu lenye doa jeusi katikati. Alipoinama kutia sahihi, ua likadondoka kati ya paleti za mizigo. Nikaliokota nikampa. Akacheka, akasema maua haya hayakai, kila mwaka anapoteza mawili matatu. Nikamwambia najua. Akaniuliza nimejuaje, nikashindwa kumjibu kwa kifupi, maana foleni ya malori ilikuwa ndefu.

Basi nakujibu wewe badala yake. Sikusoma sana, na sina uhakika kama mambo haya yanafaa kuandikwa. Pale nisipokumbuka vizuri nitakuambia.

Tulitoka kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa na pengo la meno ya mbele: bibi, baba, mama na sisi watoto. Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa ameolewa, kwa hiyo kesi yake ya kuhamishiwa nchi nyingine ilikwenda pamoja na ya wakwe zake, na Kanada ikawachukua. Sisi tukachukuliwa na Amerika. Kambini hatukuona tofauti. Baba aliambiwa hizo ni nchi jirani, na kwetu sisi jirani ni mtu unayemwendea kuomba chumvi. Bibi alikuwa akisema wataonana siku za soko.

Tulipofika Louisville, bibi aliuliza Kanada ni siku ngapi kwa miguu. Baba akamwambia huko hakufikiki kwa miguu. Tangu siku hiyo bibi akawa anakula nusu sahani na kuisukuma. "Mtoto huyu nilimvusha Mto Malagarasi mgongoni," alikuwa akisema, akiitazama ile barabara ya magari mbele ya nyumba yetu. Maana zamani, wanajeshi walipokuja kwao Burundi wakampakia babu kwenye lori, bibi alikimbia na baba akimshika mkono, na shangazi amefungwa mgongoni, mpaka wakauvuka mto wakaingia Tanzania. Babu hakuonekana tena. Hata kaburi hakuna.

Baadaye baba alisikia kuna kazi Columbus. Ni karibu zaidi kidogo na Kanada. Tulikaa huko baridi moja, na ninachokumbuka ni bibi ameketi juu ya mabegi, hataki yafunguliwe. "Hapa bado si kwa binti yangu." Kisha tukahamia Buffalo. Mimi siku zote nimesimulia kwamba ni bibi aliyetusukuma mji kwa mji hadi huko. Mama anasema hapana, ni kodi ya nyumba iliyokuwa nafuu. Nadhani sote wawili tunasema kweli.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, ghorofa ya juu, karibu na barabara ya Bailey, ngazi zake zikilia kama kuku aliyeshikwa. Na shangazi, fikiria, alikuwa ametua katika mji mdogo upande wa pili wa Mto Niagara. Tuliweza kuuona kwa macho. Ila sisi hatukuwa na karatasi za kuvukia daraja, naye hakuwa nazo mpaka apate uraia wa Kanada.

Hapo ndipo zilipoanza Jumapili za mtoni.

Tukitoka kanisani, mama alifunga dagaa wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo na ugali ndani ya taulo ili visipoe. Chai ya tangawizi iliwekwa kwenye chupa. Tulibanana kwenye gari la baba tukapita mjini, madirisha wazi, na kama upepo ulikuwa upande wetu ilitujia ile harufu ya nafaka inayookwa kiwandani, mpaka leo nikiisikia naona ni Jumapili. Mtoni tulitandika kitenge juu ya mawe. Maji ya Niagara hapo yana haraka, kama watu wanaowahi shifti. Ndege weupe walipiga kelele juu yetu wakiwania dagaa.

Kisha upande wa pili tulikuwa tunaona kitu chekundu kinapepea. Ni shangazi. Bibi alikuwa haoni mbali, kwa hiyo shangazi alitafuta bendera ya Kanada, kubwa ya kufunika kitanda, akawa anaipeperusha kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu nilidhani bendera ile ni nguo yake. Nilipoiona shuleni kwenye kitabu nilishangaa nguo ya shangazi imefikaje humo. Bibi naye alimpungia kitenge chake cha kijani. Mimi nilitaka na sisi tuwe na bendera. Baba akasema tusubiri kwanza wenyeji watuzoee.

Simu iliwekwa juu ya jiwe, spika wazi, na baba alianza uchokozi wake.

"Mkanada, umeamkaje?"

"Salama, kaka. Pole na theluji yenu chafu. Ya kwetu huku ni nyeupe."

"Si upepo unaileta kutoka kwenu?"

"Basi inachafukia njiani ikishavuka mpaka."

Bibi alicheka hadi akafuta macho. Shangazi alijivunia kila kitu cha kule: hospitali isiyokuuliza pesa mlangoni, madereva wasiopiga honi, watu wanaoomba radhi hata mlango ukiwagonga. Alisema "kwetu huku" hata kabla hajapewa karatasi. Sijui kama aliamini yote au alitaka tu bibi alale usingizi. Huenda yote mawili.

Sasa, ukaja mwezi wa kumi na moja. Tarehe kumi na moja sisi hatukuwa na shule. Shangazi akatuomba twende mtoni asubuhi, maana kwao saa tano watu wote hunyamaza kidogo kuwakumbuka waliokufa vitani, naye alitaka anyamaze pamoja nasi. Tulipofika alituambia kwa simu amevaa ua jekundu, kila mtu kwao amevaa, hata mwenye duka, hata dereva wa basi la shule.

Bibi akauliza, "Mnawakumbuka kina nani?"

"Wanajeshi, mama. Wanajeshi wa Kanada."

Bibi akasema taratibu, kama anayeongea na mtoto aliyeshika kisu, "Wewe mwanangu umewavalia ua wanajeshi."

Shangazi alijaribu kueleza kwamba hawa ni wengine, walikwenda mbali kuwasaidia watu. Bibi akasema mwanajeshi ni mwanajeshi, na wale wa kwao pia walisema wamekuja kusaidia. Akakunja kitenge chake, akaenda kukaa ndani ya gari. Sitaki umhukumu yeyote. Wanajeshi wa Kanada hawakutukosea sisi kitu. Na bibi alikuwa akimwona mwanajeshi mmoja tu, yule aliyefunga mlango wa lori babu akiwa ndani.

Baada ya hapo bibi hakwenda tena mtoni. Jumapili alisema magoti yanamuuma. Simu ikiita alisema mwambieni nimelala, na huku ameketi wima jikoni anachambua maharage. Chakula kikarudi kuwa nusu sahani. Sisi tuliendelea kwenda, na bendera iliendelea kupepea, hata barafu ilipoanza kushuka kutoka ziwani, kule mto unakoanzia, vipande vikigongana kama masufuria. Shangazi alikuwa akiuliza, "Amekuja?" Baba anamjibu, "Magoti." Mama alikuwa akisema bibi atafia kwenye kiti kile bila kumshika mtoto wake, kwa ajili ya ua la bandia. Nilikuwa sielewi mengi, lakini hilo nililielewa, na liliniogopesha.

Mwaka ukazunguka. Shangazi akaapa, akapata uraia, na ilikuwa tena mwezi wa kumi na moja alipovuka daraja kwa basi, mchana, amebeba boksi la maandazi madogo ya duara ya kwao. Mama alimpokea chini kwenye ngazi. Aliliona ua kwenye koti, akamnong'oneza alivue kabla hajapanda.

"Wifi," shangazi akasema, "nikilivua nitakuwa nimeingia kwa mama yangu na uongo."

Akapanda nalo. Ngazi zilikuwa zikilia na sisi watoto tukimfuata nyuma. Bibi alisimama bila kulalamikia magoti. Hakutazama ua. Alimshika uso, kisha akamgeuza kama unavyomgeuza mtoto unayemvalisha, akampapasa mgongo wote, polepole, kutoka shingoni hadi kiunoni. Kisha wakakumbatiana, na katika kubanana kule ua likachomoka, likaanguka sakafuni karibu na miguu ya bibi.

Hakuna aliyeinama. Bibi mwenyewe ndiye aliyeliokota. Aliligeuza vidoleni.

"Hili ni la nani?"

Shangazi akamwambia ni la kaka wa jirani yake. Jirani huyo ni mzee, baridi ikija humwondolea shangazi theluji mlangoni bila kuombwa. Kaka yake alikwenda vitani ng'ambo ya bahari akiwa kijana, hakurudi, na mama yao aliendelea kumwekea sahani mezani mpaka alipokufa.

"Mwili waliuona?"

"Hawakuuona, mama."

Bibi alikaa. Kisha akamwambia mama alete sindano. Mama akatoa lile kopo la biskuti lenye nyuzi. Bibi alimsimamisha shangazi dirishani, koti likiwa mwilini, akalishona ua pale kifuani kwa uzi mweusi, akakata uzi kwa meno.

"Pini yao haina nguvu," akasema. "Sasa mkumbuke na baba yako humo humo. Halitaanguka."

Siku ile bibi alimaliza sahani yake, akaongezewa.

Tangu hapo, kila mwaka siku hiyo ikifika, saa tano, bibi alizima jiko na kukaa kimya jikoni. Babu hakuwa amewahi kuwa na siku yake, akapangishwa chumba katika siku ya watu wengine. Hatukuwauliza wenyewe. Natumaini wasingekataa.

Jumapili za mtoni zilikwisha. Ukiweza kuvuka, kwa nini upunge? Shangazi alikuja mara nyingi, kisha mara chache, kisha kazi ikampeleka magharibi ya mbali ya Kanada, ambako hata saa zao si zetu. Baba alipata bendera ya Amerika siku alipoapa yeye, akaikunja akaiweka kabatini. Sisi watoto tulianza kumjibu bibi kwa Kiingereza, naye akawa anatutazama midomo. Sasa bibi amelala kaburini Buffalo, kwenye kilima kidogo, na nyumba ya mbao imebomolewa, pamebaki nyasi. Mimi kazi imenirudisha Louisville.

Baada ya dereva yule kuondoka niliomba ruhusa, nikaendesha gari, nikalala Columbus, kesho yake nikafika mtoni. Nilikuwa na kitenge cha kijani cha bibi. Harufu ya nafaka ilikuwepo. Ng'ambo hapakuwa na kitu chekundu, ila mtu mmoja anatembea na mbwa. Niliona haya kidogo, mtu mzima kama mimi, lakini nilikikunjua nikakipunga.

Yule mtu alisimama. Akainua mkono, akauacha juu. Labda alikuwa akimwita mbwa. Nami sikushusha kitenge mpaka aliposhusha yeye.